Sentensi Bora ya Kidato cha Pili

Jumatatu, 12 Mei
Kidato cha pili watanizeesha. Leo nimewafundisha lile neno la Kiingereza la mtu wa kazi ya siri — andakava. Nikaandika mfano mmoja ubaoni: askari aliyejifanya muuza mboga. Nikawaambia watunge zao, mambo ya kweli, ya maisha yao. Madaftari thelathini na nane, wauza mboga thelathini na saba! Hata nukta niliyoisahau, nao wameisahau.

Binti mmoja tu ndiye aliyetumia kichwa, yule tunayemwita Kimya. Ameandika kwamba baba yake mdogo anauza viatu sokoni, kumbe ni askari andakava, anawachunguza wauza bunduki. Kumi kwa kumi. Nimeibandika nje ya ofisi ya mkuu, jina lake kwa wino mwekundu. Wajifunze.

Jumanne, 13 Mei
Kikao cha wazazi. Wamepita pale wote, wamesoma. Mkuu wa shule kanipongeza — mara ya kwanza tangu nianze kazi hapa.

Jumatano, 14 Mei
Kimya kanifuata mapumzikoni. “Mwalimu, naomba karatasi yangu.” Kwa nini, na umeandika vizuri? Eti si nilisema waandike mambo ya kweli, naye kaandika ya kweli.

Nilisema! Kila wiki nasema, nao masikio wametia pamba. Siku anaponisikia mmoja, ndiyo haya.

Nimekwenda kuibandua. Pini nne zipo, karatasi haipo. Mfagizi hajui, karani hajui. Mjinga ni mimi, wala simtafuti mwingine.

Alhamisi, 15 Mei
Nimekwenda sokoni kabla ya kazi. Baba yake mdogo yupo, anapanga viatu. Nikajifanya najaribu kimoja, nikamweleza yote chini chini. Hakunifokea, na afadhali angenifokea. Akasema yeye atajua pa kwenda. “Ninayemhofia ni mtoto tu, mwalimu. Asitoke na mtu asiyemjua.”

Ijumaa, 16 Mei
Kipindi cha tatu. Mkuu kaingia, meno yote nje. Kuna mzazi ofisini, kafurahishwa na sentensi, amekuja na karatasi yenyewe mkononi. Anataka kumpeleka Kimya dukani akachague zawadi.

Mzazi wa nani? Mkuu hakuuliza. Mtu kavaa suti, aulizwe nini!

Nimesema kuna jaribio, hatoki mtu mpaka kengele. Mkuu kavuta kiti, kakaa mlangoni, anasubiri. Naandika hapa ili adhani nasahihisha. Zimebaki dakika kumi na mbili. Kimya kashamaliza, anafunga mkoba wake.