Grafeni Si Yako Peke Yako, Yaya

Yaya Kambale, kaka yangu mkubwa,

Nimekasirika, na sitaki kuanza kwa salamu ndefu kana kwamba sijakasirika. Hapa Butembo tuko salama. Mama anakusalimu. Mimi bado.

Wiki iliyopita profesa anayesimamia kazi yangu ya kumaliza chuo aliniita ofisini kwake. Hata kiti hakunipa. "Yaya yako aliniandikia," akasema. "Anasema iyi sujet ya grafeni iko nguvu kwako. Tukupatie ya turbine." Yaani mada niliyoichagua inanishinda, nifanye ya mitambo ya umeme! Nilidhani nimesikia vibaya. Akanionyesha ujumbe wako kwenye simu, kwa Kifaransa chako kizuri, ukimshukuru mapema kwa busara yake. Mimi hukuniandikia hata neno moja. Wewe uliandika kwa siri. Basi mimi naandika wazi, na atakayetaka kusoma asome.

Unakumbuka baraza ya Tante, dada yake Mama? Tulikuwa tumekimbia vita Beni, kakao ya Baba imebaki ikiozea mtini, shule hakuna, na baridi ya Butembo hatujaizoea. Ulipasua penseli yangu, nikalia. Ukachukua ule weusi wa ndani, ukausugua kwenye scotch, ile tepu ya kunata, ukakunja, ukafungua, ukakunja tena, na kila mara doa lilizidi kupauka. "Angalia, Kahindo. Ukitosha tabaka moja, ukitosha ingine, utafika fasi kunabakia karatasi moja tu ya karboni. Ile njo grafeni." Tante akauliza kama inaliwa. Tulicheka mpaka akatunyima chai.

Kisha ukachora elektroni zikipita kwenye ukanda mwembamba, sumaku ikizisukuma upande mmoja, na volti ikijitokeza kati ya kingo zake mbili. Nikasema mbona rahisi. Ukasema ngoja: kwenye baridi kali na sumaku kali, ile volti haipandi kama mteremko, inapanda kwa ngazi, na ngazi hizo hazikosei kamwe. Nikataka kujua kwa nini. Ulinitazama kwa furaha ambayo sijaiona tena kwako. "Mutoto uyu atanishinda," ulimwambia Tante.

Nimeendelea na ngazi hizohizo, Yaya. Grafeni ya kawaida haina ngazi kwenye sifuri. Inaruka kutoka chini ya sifuri mpaka juu yake. Lakini ukiilaza juu ya kitu kinachofanya atomu zake jirani zisifanane tena, linatokea pengo la nishati ambalo elektroni haziwezi kukaa ndani yake, na hapo katikati ngazi ya sifuri inajitokeza. Nimeikokotoa mwenyewe. Pengo likipanuka, na ngazi inapanuka. Kompyuta nilikuwa naichaji kwa sola ya jirani. Sikuhitaji labo wala vyombo vyake. Nilihitaji karatasi, na kichwa ambacho leo unasema hakitoshi.

Nilipokupigia simu kukuuliza, ulicheka. "Mais Kahindo, iyi njo mapendo. Utafanya nini na grafeni Butembo? Labo haiko, courant ya taa haiko. Turbine itakupatia kazi."

Mapendo gani hayo ya kunizunguka? Wewe mwenyewe huko Ulaya unaishi kwa grafeni hiyohiyo. Siku ulipopanda ndege kwenye uwanja wa Mavivi, hakuna aliyekushika mkono akuambie ubaki ujenge turbine. Mama aliuza vitenge vyake vizuri kuliko vyote ili uende, na watu wakasema mtoto wetu ana akili. Kwako iliitwa akili. Kwangu imekuwa ukaidi. Turbine ni kazi nzuri, na atakayetuletea taa nitamshukuru kwa moyo wote. Lakini usinitwishe mimi kazi ya kuleta taa kwa sababu wewe uliondoka.

Kinachonikera zaidi ni kwamba Mama amekuunga mkono. "Yaya yako alisoma, umusikilize." Basi tunakula bila kuongea. Ujumbe wako mmoja umenifanya mgeni nyumbani kwetu, na wewe huko umelala vizuri.

Leo asubuhi nilirudi kwa profesa nikamwambia sibadilishi.

"Na yaya yako atasema nini?"

"Yaya haiko mu jury ya mutihani," nikamjibu.

Akazungusha kalamu. Halafu akasema, "Basi tutamuweka mu jury. Atatuona ku video." Hakuwa anatania.

Kwa hiyo utapata mwaliko. Ukubali. Yasome mahesabu yangu mstari kwa mstari, na ukikuta kosa uliseme mbele ya watu wote, Mama akiwa ameketi palepale mbele. Sitaki huruma yako. Njoo na maswali yako magumu kuliko yote. Lakini safari hii, Yaya, uniulize mimi.

Nakungoja, na hasira zangu zote,

Mdogo wako