Majivu ya mbabula na kazi ya Graciella

Maman Émérance mupendwa,

Nakuomba unisaidie, moyo wangu hautulii, mutoto wangu Graciella, yule nilimusomesha kwa kusafisha maofisi, amepata kazi katika maabara mbali na Bruxelles, eti watatafuta namna ya kutumia tena mafuta ya nuklia yaliyokwisha kutumika, na hataki kusaini bila baraka yangu, bon, Dimanche kisha misa anakuja kwangu Saint-Josse, na mimi mukono hauinuki.

Nilipomuuliza ni kazi gani hiyo alicheka, akasema, "Maman, ni kama mbabula ya nkambo." Pale nililia, juu nilimuona mama yangu, nkambo yake, kule Lubumbashi, asubuhi, kwa mbabula, lile jiko letu la makala, anachekecha majivu ya jana, anaokota makala ambayo hayajaungua, anatupikia chai, na ule moshi ningali nausikia nikipita huku Bruxelles, Chaussée de Wavre, pale wanapochoma samaki. Graciella anasema mafuta yale nayo, wanapoyatoa kwa mitambo ya umeme, yangali na nguvu nyingi ndani.

Lakini mutoto hakuona kile niliona. Majivu yaliyobaki mama aliyamwaga nyuma ya nyumba, meupe, yamelala, na ndugu yangu mudogo Nday akayakanyaga, kumbe ndani moto ungalimo, ukamuunguza muguu. Mpaka leo anachechemea. Nimesali rozari, Mungu amenyamaza. Nimukatalie?

Antoinette

Antoinette dada yangu,

Hapo kwa mbabula na mimi umeniliza. Sasa panguza machozi unisikilize. Mungu hakunyamaza, ni wewe unayetaka aseme hapana.

Woga wako si wa bure. Hata mafuta hayo yakichekechwa, kuna yanayobaki, na hayo yatakuwa hatari hata kwa wajukuu wa wajukuu wako. Kazi yenyewe ni ghali, na kile kinachookotwa humo kuna watu wangekitaka kwa mabomu. Graciella akisema ni mbabula tu, anakubembeleza.

Lakini majivu hayo yapo tayari, Antoinette. Yapo Ubelgiji hii hii, na taa za umeme wake tumewasha wewe na mimi, baridi baada ya baridi. Ukimuzuia mutoto, hayatapoa. Acha kuificha baraka kama funguo ya kabati.

Dimanche, kabla ya kuinua mukono, mukalishe. Mupigie Nday kwa video amuonyeshe muguu. Kisha uliza: yatakayobaki mutayaweka wapi, na nani atayachunga? Asipojua, aende akaulize wakubwa wake ndipo asaini. Halafu mubariki. Wanaojua kuchekecha ni wengi. Mimi napenda atakayeshika majivu hayo awe muntu aliyeuona ule muguu.

Maman Émérance