Aliyeketi Kando ya Najat

Guangzhou, 9 Julai 2009

Dada yangu mpenzi Mwanakhamis,

Assalaam alaykum. Natumai barua hii itakukuta mzima, na kwamba miguu ya Mama imepungua kuvimba. Mimi ni mzima, ingawa naandika nikiwa karantini. Kwa neno hilo nakusudia kumtenga mtu asiyeumwa kwa kuwa alikuwa karibu na anayeumwa. Mgonjwa hutengwa kwa ugonjwa wake. Sisi tunatengwa kwa ukaribu wetu.

Mke wangu Najat alirejea kutoka Dar es Salaam Jumatatu. Sikwenda kumpokea, nilikuwa maktaba, nikimalizia sura ya tasnifu yangu juu ya idara ya afya ya mji wetu baina ya vita vikuu viwili. Naye akachukua teksi moja kwa moja hadi soko la jumla la Shisanhang kutazama nguo. Kabla hatujaonana, maofisa wa afya walimfuata huko: abiria mmoja wa ndege yao alikuwa na mafua ya nguruwe. Wakamfungia hotelini, chumba kinachotazamana na cha Msabaha, mfanyabiashara wa Unguja aliyekaa naye ndegeni.

Kila nilipompigia simu alinipa habari za Msabaha: jinsi anavyomwigiza muuguzi wa kipimajoto, jinsi wanavyotaniana kila mmoja akiwa mlangoni pake. Nilimsikia Msabaha akicheka huko nyuma. Nikamuuliza Najat kama karantini siku hizi imegeuka baraza. Akanijibu, "Unaona wivu, msomi? Njoo basi nawe ufungiwe."

Dada, katika tasnifu nimewaita wajinga wale wanawake wa kwetu waliowadanganya mabwana afya kwamba wamemgusa mgonjwa wa ndui, ili tu waingie kambini walimokuwa waume zao. Jana nilikwenda kwa maofisa nikasema nilimpokea Najat uwanjani, nikaketi kando yake katika teksi.

Ofisa alinionya kwamba nikibainika mwongo atanikabidhi kwa polisi, nao wiki hizi wanawakamata wageni katika barabara ya Huanshi Zhonglu kwa dosari ndogo tu ya viza. Kisha akampigia Najat mbele yangu, akamuuliza aliketi na nani katika teksi. Najat hakusita: "Na mume wangu. Alikuwa kando yangu njia nzima."

Nimepewa chumba ghorofa moja chini yao, vicheko vinanifikia. Nisalimie Mama na watoto, na haya yabaki baina yetu. Wewe unamjua Najat tangu utotoni, basi niambie: alilitunga jibu lote ili aniokoe, au alibadilisha tu jina la aliyeketi kando yake?

Nduguyo akupendaye,
Abubakary