Chupa ya Shangazi Mize

Alhamisi, Mfungo Pili, 1955. Kipupwe. Upepo baridi, jua la kudanganya, na leo simwamini mtu.

Nnaandika baada ya alasiri, mlango nimeubana. Hata weye daftari nnakutazama kwa jicho la pembeni.

Miye, kwa asiyenijua, ndiye kijana hodari kuliko wote katika chumba cha kupimia pale hospitali. Skuli niliiacha kabla haijaniacha, lakini darubini naijua. Bwana Jivan, mkubwa wangu, anasema najua kuifuta tu.

Wivu huo.

Shangazi Mize kaja kwetu mjini kutoka Jambiani. Kiuno kinamkata, na haja ndogo anasema imeingia wekundu. Daktari kamwambia atoe kidogo chupani: ikiwa safi, arudi shamba, ikiwa na ila, alazwe. Jana asubuhi niliichukua chupa mwenyewe, nimeifunga kitambaa, sikumpa mtu.

Bwana Jivan akatia tone chini ya darubini, akaiinamia. Kisha, "Njoo, bingwa. Tazama."

Damu hakuna. Ila chembe tele, zimebanwa katikati kama vingoma vyenye kiuno. Akadondosha asidi kidogo, mkojo ukatoa povu kama soda iliyotikiswa.

"Shangazi yako anakula majani?"

"Anakula mchicha, bwana."

"Mchicha haufanyi hivi. Hizi nilikuwa nikiziona kwa daktari wa mifugo. Huyu ana miguu minne."

Kwanza nikamshuku yeye: kachanganya chupa, sasa anatafuta pa kutupia lawama. Kisha nikamshuku Masudi, anayeosha chupa, maana yule hucheka bila sababu. Nikamkabili.

"Umenichezea, Masudi?"

"Saa ngapi? Chupa ulikuja umeikumbatia kama bibi harusi!"

Kweli. Haikunitoka mkononi.

Hapo shaka ikageuka, ikarudi nyumbani.

Nikakumbuka alfajiri: shangazi uani, anamlisha punda wa jirani maganda ya ndizi, kopo mkono wa pili. Miye nikasema moyoni, ana huruma shangazi yangu.

Huruma!

Jioni nikamwuliza, kwa adabu zote nilizo nazo, ambazo si nyingi. Hakukana.

"Nywele zangu nazika. Kucha nazika. Leo maji ya mwili wangu nikupe weye, mdomo wazi kama mlango wa soko, uyapitishe mabarazani? Mkojo wa punda nani ataufanyia uchawi?"

Nilitaka kucheka. Kicheko kikakataa kutoka. Bwana Jivan angekuwa mvivu siku ile, shangazi angepanda gari la shamba na karatasi ya uzima, na damu yake inamtoka njia nzima.

Nikamwapia kwa kila kiapo ninachokijua. Akanitazama sana.

"Haya. Lakini utakaobaki unirejeshee. Nitaumwaga kwa mkono wangu."

Leo asubuhi kanipa wake. Damu, wazi kabisa. Na chembe nyingine, za pembe nne, zina msalaba ndani kama bahasha ndogo zilizofungwa.

"Huyu sasa binadamu," kasema Bwana Jivan, bila mzaha. "Na nnahofu figo lina mawe." Daktari kataka alazwe kesho.

Kanuni yetu, kinachobaki humwagwa pale pale kwenye beseni. Nikangoja Bwana Jivan ageuke, nikaitia chupa mfukoni.

Nnashuku aliniona. Nnashuku aligeuka makusudi.

Nikamkabidhi shangazi uani. Akaiinua kwenye mwanga, akaizungusha. Akanitazama miye, akaitazama chupa, akamtazama punda.

"Na miye ntajuaje kama huu ndio wangu?"

Nimesema uongo mwingi duniani na watu wakaniamini. Leo nna kweli moja tu, na sina wa kunishuhudia.

Nikanyamaza. Nadhani kunyamaza ndiko kulikomtisha, maana hajapata kuniona hivyo. Akaumwaga taratibu kwenye mchanga, midomo inacheza kwa dua, akaufukia kwa kisigino.

"Kesho ntakwenda," kasema. "Lakini weye utatangulia mbele, nikuone mikono."

Sawa. Kesho ntatangulia. Ila kila pembe ya njia ntageuka nyuma, nihakikishe anayenifuata ana miguu miwili.