Maganda Aliyoyachemsha Mama

Alhamisi, Kisugu. Adhana ya Magharibi imeshapita. Wingu limefunga tangu asubuhi wala halinyeshi, na mimi kifua kimejaa na machozi hayatoki.

Leo nimemfokea mama yangu. Naliandika hili kwanza, hapa kwenye simu, nisije nikalizungukazunguka mpaka nikaliacha.

Mama anatia rangi vitambaa vya batiki kwenye banda hapa uani, kazi aliyoachiwa na bibi. Maji ya rangi yanaingia mtaroni, na mtaro unateremka hadi kwenye chemchemi wanakochota majirani. Mwezi uliopita chemchemi ikatoa maji ya bluu. Mwenyekiti wa mtaa akaja, mtu mpole kabisa, akasema Alhamisi hii saa kumi anarudi, na akikuta rangi bado inamwagwa, kazi ya Mama inafungwa.

Mimi ndiye niliyejitia ujuzi. Nasoma kemia, mwaka wa mwisho. Nikamwambia Mama kwamba ndani ya ganda bichi la matoke, hizi ndizi za kupika, mna vimeng'enya, vilevile vinavyoifanya ndizi iliyomenywa iwe nyeusi ukiichelewesha. Unayatwanga maganda na maji baridi, unachuja, unamimina ule utomvu kwenye maji ya rangi pamoja na kidogo cha ile dawa ya povu ya kuoshea vidonda. Rangi inagandana, inazama, unaichuja kwa kitambaa. Wiki jana nilijaribu ndoo moja, ikakubali. Mama alipiga kigelegele mpaka jirani akauliza nani anaolewa.

Basi leo asubuhi naingia jikoni, nakuta maganda yote, gunia zima, yamo kwenye sufuria la pilau yanatokota.

Kwa Mama, dawa ni ya kuchemsha. Mwarobaini anachemsha, majani ya mpera anachemsha. Tena maganda yenyewe yametoka sokoni, na uchafu wake. Alitaka kunisaidia, maskini. Ila moto unaviua vimeng'enya, na mimi msomi sikuwahi kumwambia. Badala ya kumweleza nikapiga kelele: "Mama, umeniharibia! Si bora ungelala tu!"

Akaepua sufuria.

Nikapanda boda mpaka soko la Kalerwe. Kuna kina mama pale wanaomenya matoke ya kuuzia mahoteli, na maganda yao yana wenyewe, wafugaji. Mmoja mwenye rundo kubwa akanitazama juu mpaka chini. "Mbuzi yako ngapi?" Nikamwambia sina mbuzi. "Sasa hii maganda ya nini?" Nikasema ni ya mama yangu, na sauti ikanikatika hapohapo. Sijui alielewa nini. Akanisukumia gunia.

Kurudi nyumbani, umeme umekatika. Nikatoa kinu. Nimetwanga kidogo tu, Mama akaja na mchi wake akasimama upande wa pili. Tukapokezana, yeye akipiga mimi nainua.

Tukachuja, tukaumimina utomvu na ile dawa kwenye maji ya rangi. Saa kumi kasoro yalikuwa bado meusi. Nasoma kila dua ninayoijua. Mara vikaanza kuonekana vijidonge, vinashuka chini polepole. Mwenyekiti anaingia na kina mama wa chemchemi nyuma yake, Mama anachuja bilauri ya kwanza.

Maji meupe. Unaona vidole upande wa pili.

Mwenyekiti akanigeukia mimi, akaniita bibie kwa Kiganda. "Nyabo, hii maji sasa iko safi? Watu wanaweza chota kule chini?"

Mama akanikazia macho. Nyuma yake, vitambaa alivyoagizwa kwa harusi ya kule Mengo vilikuwa bado kwenye kamba, nusu havijatiwa rangi. Wallahi, neno "ndiyo" lilikuwa limeshafika mdomoni. Ila mmoja wa wale kina mama alikuwa na mtoto mgongoni na dumu tupu mkononi, ananingojea mimi.

Nikasema, "Rangi imetoka, mzee. Lakini kuna vitu humo visivyoonekana kwa macho, na sijavipima. Msiyanywe."

Akashukuru. Kisha akafunga mlango wa banda kwa kamba, yeye mwenyewe, huku akimwomba Mama radhi, mpaka maji yapimwe chuoni yajulikane. Mama akaanza kuanua vitambaa vya harusi, kimoja kimoja, vingine vyeupe vilevile.

Tangu saa hiyo nimejifungia chumbani. Ni yeye aliyenifundisha kwamba njia ya mwongo ni fupi. Sasa mbona ukweli wangu umemwangukia yeye? Ningenyamaza, nani angejua?

Mimi ningejua.

Chupa ya yale maji iko hapa karibu na mlango. Kesho naipeleka kupimwa, na majibu hata yakiwa mabaya nitayasoma mbele ya Mama, hivyo hivyo yalivyo. Naogopa.

Nilikuwa nimeshaweka simu chini, Mama akabisha hodi. Sahani ya matoke mkono mmoja, na mkono wa pili beseni dogo lililofunikwa kwa kitambaa kibichi. Nikaanza kumwomba radhi, akanikatiza, akasema nile kwanza.

Halafu akaliweka lile beseni kando ya chupa, akafunua kitambaa. Maganda ya matoke, mabichi.

"Haya sijayachemsha," akasema.