Nimesifiwa kwa Besi ya Kompyuta

Jerono, siamini! Niko nje ya studio hapa Matisi.

Si nilitoka Misikhu na gitaa langu la besi kurekodi wimbo wa kwaya? Nimepiga mpaka vidole vikauma.

Kumbe huyu prodyusa, Kipkirui, amefuta yote akaweka besi ya kompyuta! Nikamuuliza mbona. Ati, "Yako inasikika kama kuna mtu anapiga."

KAMA MTU! Sasa mimi ni nini, bana?

Kabla nimjibu, Mama Phanice, mwalimu wetu wa kwaya, akaingia na wanakwaya wote, akasikiliza wimbo. Machozi yakamtoka. "Simiyu, hakuna mashine inaweza kupiga hivi!"

Kwaya yote ikapiga makofi. Kipkirui akaniangalia tu.

Jerono, nikasema, "Asante, mama. Ni Mungu tu."