Kizunguzungu cha Karani

Kaka yangu Elia, popote walipokupeleka,

Miezi tisa hatujapata mstari wako hata mmoja. Sijui kama barua hii itakufikia Burma, au itaishia mezani kwa wakubwa wenu wanaofungua barua za watu. Wakiifungua, na wasome. Ni habari za mbwa.

Unakumbuka siku ulipomleta? Ulikuwa na miaka kumi, mie sita. Ulimtoa ndani ya shati, kadogo, kananuka samaki, na Baba akasema nyumba yetu ya Keko haina nafasi ya mdomo mwingine. Jioni hiyohiyo nikamwona Baba mwenyewe anamtupia kichwa cha dagaa. Ukampa jina la Karani kwa sababu alikaa mlangoni akimtazama kila anayepita kana kwamba anaandika majina. Ulinifundisha kumwosha kule Mtoni, akajikung'uta kwenye gauni langu la kanisani, ukacheka mpaka ukakaa chini. Nilikununia siku mbili nzima.

Na siku ya kuondoka na jeshi ulimshika masikio yote mawili, ukaniambia, "Nakuachia huyu. Mwangalie." Hukuniambia nimwangalie Mama. Iliniudhi, nakwambia kweli.

Sasa ana miaka kumi na mitatu, pua imekuwa nyeupe. Asubuhi moja, baada ya masika, alisimama kumpokea Mama akaanguka. Akasimama tena, akaangukia upande uleule wa kushoto. Kichwa kilikuwa kimepinda, macho yakicheza huku na huku mbiombio bila kutulia, na mara akatapika. Watoto wa mtaani walicheka, "Karani kalewa!" Mimi sikucheka. Mwaka jana mtoto wa nyumba ya tatu aling'atwa na mbwa mwenye kichaa, na sote tulisikia alivyokufa. Nami nilikuwa na Neema wangu mgongoni, baba yake yuko Tanga kwenye mkonge.

Unajua watu wetu wanavyompima mbwa. Wanamwekea maji. Akiyakataa, ana kichaa, hakuna mjadala. Basi nikaleta bakuli mbele ya majirani. Karani akanyoosha shingo, akayakosa maji, pua ikazama yote, akapaliwa, akajirusha nyuma na kulipindua bakuli. Nikapiga kelele, "Anaogopa maji!" Ni mimi, kaka, si mtu mwingine. Hakuyaogopa. Dunia ilikuwa inamzunguka, hakujua bakuli liko wapi. Lakini hilo nimelijua baadaye.

Mama alimbeba ndani kama mtoto. Alisema, "Mbwa wa Elia hafi mpaka Elia arudi." Ameshalitia hilo kichwani, kwamba Karani akipumua nawe unapumua, na hakuna wa kulitoa.

Mchana nikaaga naenda kununua mkaa. Nikaenda ofisi ya Bwana Afya, nikasema nyumbani kwetu kuna mbwa mwenye kichaa. Nilipokuwa natoka nikakutana mlangoni na Mzee Salim, yule mwenye duka mbele yetu, amekuja kwa mambo ya leseni yake. Nikamwamkia shikamoo. "Marahaba. Umefuata nini huku, binti yangu?" Nikajifanya namfunga Neema vizuri mgongoni. Akanitazama kidogo, akaniambia nijihadhari na jua, maana nina mtoto mchanga.

Kesho yake askari akaja na bunduki. Mama alikuwa amekaa kizingitini, kichwa cha Karani mapajani, na hakuinuka. Mimi nilisimama nyuma yake. Ndipo Mzee Salim akatoka dukani. Unamjua, akimwona mbwa huvuka upande wa pili, asije akamchafulia udhu. Safari hii alisogea mpaka hatua tano hivi.

"Bwana askari, hebu subiri. Mie mbwa simshiki, lakini macho ninayo. Ami yangu alikuwa na mbwa wa kuwinda, mzee kama huyu, akapata kizunguzungu hikihiki. Akapona. Mfungeni siku kumi. Kama ni kichaa, atakufa kabla hazijaisha. Likitokea baya, njoo kwangu."

Askari akakubali, akaondoka. Tulipaswa kumbusu miguu yule mzee. Badala yake Mama akasimama, akamwambia mbele ya mtaa mzima, "Wewe ndiye uliyemwita! Nani mwingine hapa anamchukia mbwa wangu? Sasa umeona haya, unajifanya msuluhishi."

Mzee Salim akanitazama. Nikaangalia chini. Akasema, "Haya, Mama Elia, yameisha," akarudi dukani. Tangu siku hiyo Mama ananunua chumvi duka la mbali, na akisalimiwa na yule mzee haitikii.

Zile siku kumi sikulala vizuri hata moja. Tulijaza makumbi ya nazi kwenye magunia, tukamwegemeza nayo pande zote mbili asibingirike. Sakafu ilimtelezesha, nikamwaga mchanga. Maji nilimpa kwa kitambaa nilichokilowesha, nikikamua tone kwa tone pembeni mwa mdomo, na uji mwepesi kwa vidole. Siku ya tatu macho yakatulia. Siku ya tano akala mwenyewe. Halafu tukampitisha kanga chini ya tumbo, Mama upande huu, mimi ule, tukimtembeza uani. Alikuwa anazunguka tu kuelekea kushoto, sisi naye, mpaka Mama akacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu uondoke.

Karani amepona, kaka. Kichwa kimebaki kimepinda, na akijikung'uta anaanguka, kisha anainuka na kujifanya hakuna kilichotokea. Jana alimbwekea muuza maandazi.

Lakini mimi sina raha. Mama ananisifu kwa kila anayepita, eti nimemhudumia mbwa wa kaka yangu usiku na mchana, eti nina moyo. Naona aibu mpaka nataka kukimbia. Mara mbili nimekwenda dukani kumwomba Mzee Salim radhi. Mara ya kwanza kulikuwa na watu. Ya pili akanitangulia, "Ulimwogopea mwanao. Mie sina neno nawe. Mama yako ndiye aambiwe, na si kwa mdomo wangu." Nikarudi na kibiriti nisichokihitaji.

Nimeshindwa kumwambia. Wewe huandiki, Baba hayupo duniani, Mama amebaki na mimi tu. Akijua ni mimi niliyemwita mwenye bunduki amwue yule mbwa anayemhesabu kuwa ndiyo pumzi yako, atanitazamaje? Na niseme ukweli wote, siku ile ikirudi, na Neema mgongoni, sijui kama nisingekwenda tena.

Mama ameingia sasa hivi, amekaa karibu yangu. Anauliza kama nimeandika kwamba Karani ni mzima. Nimemwambia ndiyo. Anasema, "Andika na jina la Salim, kwamba alitaka kumwua. Elia akirudi amjue adui yake." Hilo siwezi kuliandika. Anasema tena nikimaliza nimsomee yote, tangu mwanzo. Unamjua Mama. Kusoma hajui, lakini ukiruka mstari anakushika.

Ningeweza kuchukua karatasi nyingine, nikaandika salamu na habari za mvua, nikamsomea hiyo. Neema amelala, karatasi zipo. Sitaki.

Baki mzima, kaka. Ukiweza, andika hata jina lako tu. Nakunja miguu nimgeukie Mama, naanza kumsomea kutoka juu.

Dada yako mdogo, uliyemwachia mbwa.